Nani Anampokea Msichana Bwenini?

Kila mwaka ofisi ya serikali ya TAMISEMI inapotangaza majina ya waliochaguliwa kujiunga na kidato cha tano, wapo mabinti wa Kagera, Mara, Kigoma na Kilimanjaro wanaosoma kwenye simu ya mzazi au ya jirani kwamba wamepangiwa Kilwa, mkoa wa Lindi. Wengine hawajawahi kuiona bahari. Nyumbani ndugu wanaulizana Kilwa iko upande gani, basi gani linafika, mtoto atakula nini huko. Huku nako binti wa Songo Songo au wa Kilwa Kivinje anafunga mizigo kwenda bwenini Kilwa Masoko, mahali anapopafahamu, ila hajui kwamba atalala chumba kimoja na wasichana ambao lafudhi, dini na hata mapishi yao ni mageni kwake.

Umbali wa Kusini una uzito wake. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, basi la Lindi lilisubiri kivuko pale Ndundu ili livuke Rufiji, na masika yakikolea safari ilisimama. Hata baada ya lami kukamilika, Mei 2024 mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya ziliikata barabara eneo la Somanga, abiria wakakwama pande zote mbili. Mzazi wa Bukoba hawezi kuja Kilwa kila siku ya kutembelea watoto. Yale ambayo mama, shangazi au bibi wangeyafanya katika wiki za mwanzo, kumtuliza mtoto, kumwonya, kumwombea radhi kwa jirani, lazima yafanywe na mtu aliyepo shuleni. Swali ni nani.

Swali hilo linastahili kujibiwa kwa jina la mtu. Shule inaweza kuwa na kaulimbiu nzuri ukutani, hotuba nzuri paredi na kamati ya nidhamu yenye huruma, na bado binti akamaliza muhula akiwa mgeni. Kinachomgeuza mgeni kuwa mwenyeji ni kuwapo kwa mtu anayemjua, ambaye akiulizwa habari za binti huyo hawezi kujibu kwamba hajui. Pwani ya Kilwa na Lindi ina utaratibu wake wa zamani uliolielewa jambo hili kuliko miongozo yetu mingi, na nitaufikia. Kwanza siku ya kuripoti, maana mengi huamuliwa siku hiyo.

Meza imewekwa nje, chini ya mwembe au kwenye baraza ya jengo la utawala. Mwalimu ana fomu ya kujiunga mkononi, na binti anafungua tranka mbele yake: shuka za rangi iliyotajwa, ndoo yenye mfuniko, jembe na mpini wake, fagio la chelewa, rimu ya karatasi, viatu vyeusi vya kamba. Kilichopo kinawekewa tiki. Kisichokuwapo kinatajwa kwa sauti, na nyuma yake ipo foleni ya wenzake na wazazi wao wanaosikia. Ada ya sekondari hadi kidato cha nne iliondolewa Januari 2016, na ya kidato cha tano na cha sita katika mwaka wa masomo wa 2022/23. Orodha ya vitu haikuondoka. Kwa familia inayoishi kwa ngalawa na nyavu, au kwa ekari mbili za ufuta ambazo mwaka huu hazikuzaa, orodha hiyo ni mtihani kabla ya mtihani. Binti aliyekuja na nusu yake ameshajulikana na bweni zima kabla hajapewa kitanda. Mwalimu hakumdhulumu, ametimiza wajibu wake. Lakini ukaguzi uleule ukifanyika ofisini, mtoto mmoja mmoja, mlango umerudishwa, hesabu inabaki ileile na aibu haipo.

Turudi sasa kwa yule mtu mmoja anayemjua binti. Mwaka 1993 mtafiti wa Marekani, Carol Goodenow, alichapisha dodoso la kauli 18 la kupima kama mwanafunzi anajiona ni sehemu ya shule yake. Kauli nyingi ni za kawaida: kuchukuliwa kwa uzito, kuthaminiwa, kutojisikia ni wa pembeni. Inayonivutia zaidi ni ile inayohusu kuwapo kwa walau mtu mzima mmoja shuleni ambaye mwanafunzi anaweza kuzungumza naye akiwa na shida. Haiulizi kama walimu kwa jumla ni wema. Inauliza kama yupo mmoja. Shule inaweza kuwa na walimu thelathini wema na bado binti akakosa huyo mmoja, kwa kuwa kila mwalimu anadhani yupo mwenzake anayemwangalia.

Hapa ndipo unyago, ule utaratibu wa zamani wa pwani niliousema, unapokuwa na la kutufundisha. Miongoni mwa Wamwera, Wamakonde, Wayao, Wamakua na wengine wa Kusini, na kwa namna yao Waswahili wa mwambao, msichana anayeingia utu uzima haachwi ajitafutie njia. Anakabidhiwa kwa somo, mwanamke mkubwa wa kumfunda. Kipo kipindi cha kukaa ndani, yapo mafunzo, zipo ngoma za wanawake usiku, na siku ya kutolewa mwali anavishwa nguo mpya na kuonyeshwa kwa watu. Wengi wanaozungumzia unyago huishia hapo. Lakini sehemu yenye nguvu zaidi huanza ngoma zikishanyamaza: somo anabaki kuwa somo. Yupo kwenye ndoa ya mwali wake, yupo anapojifungua, yupo panapotokea ugomvi. Na mwali akikosa adabu, watu hawamsemi yeye peke yake, wanauliza ni nani aliyemfunda. Aibu inamfikia mkubwa. Ni utaratibu uliomfanya mtu mzima awajibike kwa mtoto ambaye mara nyingi hakumzaa.

Siuremba unyago. Kitabu cha *Chelewa, Chelewa*, kilichohaririwa na Zubeida Tumbo-Masabo na Rita Liljeström na kutoka mwaka 1994, kilionyesha jinsi mafunzo ya kale yalivyobaki yakimwandaa msichana kwa maisha ambayo si yake tena, huku shule nayo ikimwacha bila maarifa ya mwili wake. Binti anayeambiwa sasa amekuwa mwanamke, kisha kesho akarudi darasa la sita, amewekwa mahali pagumu. Viongozi wa Lindi na Mtwara wamehimiza mara nyingi shughuli hizi zifanyike likizo tu, na wasiwasi wao una msingi katika nchi ambayo Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana kuolewa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, mpaka kesi ya mwanaharakati Rebeca Gyumi ilipowafanya majaji wa Mahakama Kuu mwaka 2016, na wa Mahakama ya Rufani Oktoba 2019, waseme vifungu hivyo vinakiuka Katiba.

Zaidi ya hayo, unyago hujenga umoja wa waliopita kwa kuwaweka nje wasiopita. Ukiingia bwenini usiku, baada ya prepo, utawakuta wasichana wanne wamekaa kitanda kimoja wakizungumza. Anaingia wa tano, aliyetoka Rombo au Muleba, au hata mwenyeji ambaye wazazi wake walikataa asichezwe. Mazungumzo yanakatika. Hakuna aliyemtukana, lakini ameelewa. Kwa hiyo shule ikitaka kujifunza kwa makungwi, wafundaji wa unyago, inapaswa kuchagua: ichukue uwajibikaji wa somo kwa mwali wake, iache siri inayowagawa mabinti.

Kuchagua namna hiyo si jambo jipya Kusini. Vincent Lucas, askofu wa Masasi kutoka 1926 hadi 1944, anakumbukwa kwa kuruhusu jando na unyago viendelee kwa waumini wake, vikiwa na sala na mafunzo ya Kikristo ndani yake. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika habari hizo, na baadaye Anne Marie Stoner-Eby akaonyesha kwamba mapadri Waafrika wa Masasi ndio waliokuwa mbele katika kazi hiyo kuliko askofu mwenyewe. Walijua kwamba ukiuvunja mfumo mzima unamvunja pia mkubwa anayemshika mdogo mkono, na mtu huyo huwezi kumrudisha kwa waraka.

Mabweni mengi tayari yana mbegu ya jambo hili. Mwanafunzi mpya, njuka, hupewa dada wa kidato cha juu amwonyeshe bomba liko wapi, kengele ya kuamka inalia saa ngapi, chakula kinapangwaje. Tatizo ni mwelekeo wa uwajibikaji. Palipokosa uangalizi, njuka ndiye anayewajibika kwa dada: anamchotea maji, anamfulia, anamwekea nafasi kwenye foleni ya maharage. Siku mbili tatu mambo yanaonekana kama adabu, wiki ya tatu yamekuwa utumwa mdogo, na mwaka unaofuata aliyetumikishwa anatafuta wa kumtumikisha. Makungwi wangeushangaa mpangilio huo. Kwao mkubwa ndiye anayeulizwa.

Basi matroni amuulize mkubwa. Kila Jumapili jioni, dada mmoja mmoja aeleze: mdogo wako amekula vipi wiki hii, amelala vipi, anakaa na nani wakati wa mapumziko. Dada asiyeweza kujibu la tatu hajafanya kazi yake. Na dada asichaguliwe kwa kuwa mwerevu darasani au kwa kuwa kiranja, achaguliwe kwa kuwa wadogo wanamwendea wenyewe. Matroni wengi ni walimu wenye vipindi vyao vyote na mabweni juu yake, hawawezi kuwajua wasichana mia mbili. Dada ishirini wanaoulizwa kila wiki wanaweza. Nao wapishi waingizwe kwenye hesabu, kwa sababu mara nyingi mpishi anajua kabla ya mwalimu ni nani sahani yake inarudi imejaa.

Kuna ushahidi wa mbali unaosaidia hapa. Mwaka 2011 Gregory Walton na Geoffrey Cohen walichapisha katika jarida la *Science* matokeo ya zoezi fupi la saa moja hivi kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo kikuu kimoja Marekani. Walisomeshwa maelezo ya wanafunzi waliowatangulia, kwamba wao pia mwanzoni walijiona hawastahili kuwa pale, na kwamba hali hiyo ilipita. Katika miaka mitatu iliyofuata pengo la alama kati ya wanafunzi weusi na weupe lilipungua kwa karibu nusu. Mwaka 2023 Walton na wenzake walirudia jambo hilo katika vyuo 22 na wanafunzi zaidi ya 26,000, wakaona kwamba linafaa pale tu ambapo chuo chenyewe kinampa mwanafunzi nafasi halisi ya kuwa wa hapo. Maneno matamu mahali pasipokupokea hayakufanya kitu. Chuo cha Marekani si bweni la Kilwa, lakini mantiki inavuka bahari: msichana wa kidato cha nne akimsimulia njuka jinsi alivyolia wiki mbili za kwanza, na nani alimtoa huko, anamsaidia. Akimsimulia hayo huku amemtuma ndoo ya maji, anampotezea muda.

Mgawanyo wa vitanda nao una siri yake. Walimu wengi wanapenda kuwachanganya wasichana wa mikoa mbalimbali, na nia ni njema, ila mchanganyiko wa kubahatisha unaweza kumtupa binti mmoja kati ya saba wanaofahamiana tangu shule ya msingi. Ni afadhali kila chumba kiwe na wawili wawili wanaotoka upande mmoja, ili asiwepo anayebaki peke yake, wala kundi moja lisijitosheleze. Utani wa makabila nao unahitaji hekima hiyohiyo. Wanyamwezi na Wazaramo walitaniana tangu enzi za misafara, na utani wao ulibeba haki pande zote mbili: anayekutania leo kesho anakuzika. Bwenini, ambako mmoja anataniwa na wote na hana wa kumjibia, utani huo umepoteza nusu yake ya pili. Upo pia utani wa lugha, unaokwenda pande zote. Binti wa mwambao anacheka Kiswahili cha mwenzake wa bara, na yule wa bara aliyesoma shule ya msingi ya Kiingereza anacheka Kiingereza cha binti wa Kivinje. Mwalimu anayecheka pamoja nao darasani amepitisha hukumu.

Pwani hii, tukumbuke, imepokea wageni kwa karne nyingi. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akakuta mji wa Waislamu wenye biashara na mataifa ya mbali. Lakini Kilwa Kivinje ya karne ya 19 ilikuwa pia bandari kubwa ya biashara ya watumwa, na kupanga watu kwa asili zao hakukuondoka siku moja. Mabinti wakigombana, mara nyingine hutoka neno kuhusu babu wa mtu lililobebwa kutoka nyumbani. Shule ilijue, isilichukulie kama kelele za watoto.

Kuhusu dini, kinachohitajika zaidi ni ratiba. Mwezi wa Ramadhani jiko linapika daku na futari bila kuwafanya wasiofunga wale mchana kwa kujificha. Ijumaa ina nafasi yake. Anayesahaulika ni Msabato, ambaye siku yake ya ibada, Jumamosi, shuleni ndiyo siku ya usafi wa mazingira na majaribio ya wiki. Wasichana watatu wa aina hiyo hawana sauti kwenye baraza la wanafunzi, hivyo uamuzi wa kuwapa zamu ya Jumapili haupaswi kungoja wao waombe.

Kwa wenye ulemavu, Baraza la Mitihani lina karatasi za maandishi makubwa na muda wa nyongeza, na nchi ilijiwekea Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa 2021/22 hadi 2025/26. Pengo liko katikati ya mitihani hiyo. Msichana mwenye ualbino anafanya jaribio lililoandikwa ubaoni kwa chaki, na anasimama paredi juani Kilwa saa moja na nusu asubuhi mpaka matangazo yaishe. Kuhamishia paredi upande wenye kivuli ni uamuzi wa dakika moja.

Wanaonigusa zaidi ni waliorudi baada ya kujifungua. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa 2022 ulikuta asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wameshawahi kupata mimba. Juni 2017 Rais Magufuli, akiwa Chalinze, alitamka kwamba aliyepata mimba hatarudi shule ya serikali. Novemba 24, 2021 Waziri Joyce Ndalichako alitangaza kwamba milango imefunguliwa, na Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka huo ukaweka utaratibu. Lilikuwa badiliko kubwa, na nalishukuru. Lakini waraka unamfikisha getini tu. Ndani, binti huyu ana mtoto aliyemwacha kwa bibi yake, pengine Nangurukuru au Mchinga. Kipindi cha pili kifua kinamuuma kwa maziwa na anaogopa blauzi italowa. Akipewa ruhusa ya kupiga simu kila jioni, wenzake wanataka kujua kwa nini yeye tu. Akinyimwa, hafahamu mtoto ameshindaje na homa. Wapo wanaomwita mama fulani kwa mzaha, wapo wazazi wanaotaka aondolewe asiwaharibu binti zao. Nina neno kwa wazazi hao: binti anayesoma jirani na aliyerudi baada ya kuzaa anaiona bei ya jambo hilo kwa macho yake, na anaona pia kwamba maisha ya mtu hayaishii hapo. Mkuu wa shule awe na jibu lililoandaliwa kabla hajaulizwa, na simu ya jioni iwe kwenye utaratibu ulioandikwa, isiwe fadhila ya mwalimu wa zamu.

Haya yote yakibuniwa ofisini peke yake yatakosea, maana wakubwa hatujui bweni linafananaje saa tano usiku. Tanzania ina chombo chake cha kulijua. Mwaka 1996, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Mlama na Amandina Lihamba, wote watu wa sanaa za maonyesho, walianzisha Tuseme, na FAWE, jukwaa la wanawake wa Afrika walio katika elimu, ikaueneza mpango huo katika nchi nyingine za Afrika. Wasichana wanachambua wenyewe matatizo yanayowazuia, wanayageuza kuwa mchezo wa kuigiza, wanauonyesha mbele ya walimu na wazazi, kisha mjadala unafuata na hatua zinapangwa. Maigizo yanafaa kwa sababu msichana anayeshindwa kumwambia mwalimu jambo usoni anaweza kuliweka kinywani mwa mhusika.

Wakianza kusema, mara nyingi hawaombi mambo makubwa. Wanataka komeo kwenye mlango wa bafu, ndoo ya taka yenye mfuniko chooni, maji yasikatike siku za hedhi, pedi zipatikane bila kumweleza mwalimu wa kiume. Serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike Julai 2018, ikairudisha mwaka uliofuata, kwa hiyo binti asiye na kitu bado anategemea kabati la matroni kuliko duka. Kiwango cha Tuseme shuleni hakipimwi kwa ubora wa igizo. Kinapimwa wiki mbili baadaye, kwa kuangalia kama fundi amekuja na komeo, na kwa yale yasiyowezekana, kama mkuu wa shule amesimama mbele ya wasichana akawaambia ni nani amepelekewa ombi lao na jibu linatarajiwa lini.